Posa Iliyopimwa Upepo

Wagombea geji huenda kwa miguu. Maneno hayo mmeyasikia leo kutoka kwa mama yenu, mlipokuwa mkibishana simu ya nani ina saa sahihi, hadi lori la kwenda shambani likawaacha mmesimama barabarani. Sasa mnauliza yametoka wapi. Sogeeni basi. Methali hii ilizaliwa hapahapa Ifakara, na ilizaliwa hivi.

Palikuwa na kijana akiitwa Fokasi, aliyefanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Wazazi wake walikwishafariki, akalelewa na wazee wawili: Oswini, baba yake mdogo, na Remijiusi, mjomba wake. Wazee hao walipendana kama ndugu wa tumbo moja, lakini hawakuwahi kukubaliana jambo. Oswini akisema mvua inakuja, Remijiusi hutoa mpunga nje kuuanika.

Fokasi alimpenda Gaudensia, binti wa Mzee Ngwila wa Kiberege. Kila msichana huyo alipoleta mpunga, mashine ilianza kusumbua, ikabidi asubiri. Gaudensia alijua vizuri kwamba mashine haikuwa mbovu kiasi hicho, naye aliketi akangoja. Mwisho Fokasi akawaomba wazee wake wampelekee posa. Mzee Ngwila akajibu kwamba waje Jumamosi kabla ya saa sita, kwa sababu alasiri angewapokea watu wengine, wa Mlimba, wenye shida hiyohiyo. Ambaye angetangulia kuketi mkekani kwake, ndiye angesikilizwa.

Jumamosi wazee wakaamka mapema, wakaoga, wakavaa makoti. Mchele wa zawadi ukafungwa kwenye mfuko, khanga za mama mkwe zikakunjwa. Fokasi, kwa kuwa ndiye muoaji, alitakiwa kubaki nyumbani na kutulia. Kutulia kwenyewe kulimshinda. Akawa anazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutaga.

Baiskeli ya Oswini, ambayo ndiyo ingebeba mchele, ilikuwa imepungua upepo kwenye tairi la nyuma. Remijiusi akaona nafasi yake imefika. Bintiye alikuwa amemletea kutoka Dar es Salaam pampu mpya yenye geji ya kisasa ya kupimia upepo, ambayo haikuwa na mshale bali ilitoa namba kwenye kioo kidogo, namba zinazowaka. Akajaza, kioo kikaandika arobaini.

"Tayari," akasema. "Arobaini kamili, na nukta yake."

Oswini akaingia ndani, akatoka na pampu yake ya zamani, ya kukanyaga kwa mguu, yenye geji ya mshale. Akaichomeka. Mshale ukatikisika, ukasimama kabla ya arobaini.

"Shemeji, tairi lina njaa," akasema, akaanza kukanyaga.

Alipofikisha mshale kwenye arobaini, Remijiusi akachomeka yake. Kioo kikaandika arobaini na saba. "Unataka tukalipukie njiani mbele ya watu?" akauliza, akafungulia upepo.

"Hicho kioo kinakisia tu."

"Namba haikisii. Mshale ndio unaokisia. Tazama, unatetemeka kama una homa."

"Unatetemeka kwa sababu uko hai. Hicho chako kimekufa, kinawaka tu."

Wakarudia. Kila kichwa cha pampu kilipochomekwa na kuchomolewa, upepo ulitoka, psss, na kila ulipotoka ilibidi wapime upya. Fokasi akakohoa. Hawakumsikia. Wakaleta baiskeli ya Remijiusi iwe shahidi, wakapima na matairi yake, nayo yakaingia kwenye kesi. Katikati ya hayo kioo kikafifia, kikazima. Oswini akacheka hadi akashika mgongo.

"Betri tu," akasema Remijiusi kwa utulivu. Akaingia sebuleni, akaishusha saa ya ukutani, akatoa betri yake, akaipachika kwenye geji, akairudisha saa ukutani. Namba zikawaka. Kesi ikaendelea.

Fokasi alivumilia, kwa sababu mkubwa hakatizwi. Lakini alichungulia sebuleni, akaona ni saa tatu kasoro. Akashusha pumzi, bado mapema. Akazunguka uani tena. Akachungulia mara nyingine, ikawa saa tatu kasoro. Akasema moyoni kwamba mtu anayesubiri huiona saa nzito. Mara ya tatu jasho lilikuwa likimtiririka, kivuli cha mpapai kimefupika, na saa ilikuwa ileile, tatu kasoro. Hapo ndipo alipoielewa ile betri.

"Baba mdogo," akasema, "mjomba, muda umekwenda."

"Tazama saa," akasema Oswini bila kuinua kichwa. "Bado asubuhi." Akakanyaga pampu kwa nguvu zake zote, kumwonyesha shemeji yake arobaini ya kweli.

Tairi likapasuka. Kuku wakaruka uzio, na mbwa wa jirani akaingia chini ya kitanda cha jirani.

"Umeona," akasema Remijiusi. "Kwangu ingekuwa hamsini na moja."

"Kwangu ilikuwa thelathini na tisa. Tairi lilikuwa bovu."

Wakainama kulichunguza tairi lililokufa, kila mmoja akitafuta ushahidi wake. Fokasi akawatazama, akawaza Gaudensia akipokelewa Mlimba kwa vigelegele. Akachukua baiskeli yake, ambayo hakuna aliyeipima, akafunga mchele na khanga kwenye keria, akaondoka. Tairi la mbele lilikuwa laini, kila shimo alilipokea mwenyewe kwenye mifupa, lakini lilizunguka.

Alifika Kiberege jua likiwa utosini. Mzee Ngwila alikuwa ameketi barazani na dada yake, shangazi wa Gaudensia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe si ndiye muoaji?"

"Ndimi, baba."

"Muoaji hajipeleki mwenyewe kama furushi. Wazee wako wako wapi?"

Fokasi alitafuta uongo wa heshima, akaukosa. "Wanapima upepo."

"Upepo gani?"

"Wa tairi, baba."

"Tangu lini?"

"Tangu alfajiri."

Shangazi akajifunika uso kwa khanga, mabega yakamtikisika. Mzee Ngwila hakucheka. Akasema, "Mimi siongei posa na mwenye posa. Kaa pale karibu na jiko. Wazee wako wakitangulia, vema. Wa Mlimba wakitangulia, utakula nasi chakula, kisha utakwenda zako."

Fokasi akakaa. Gaudensia alikuwa jikoni, akichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Hawakusemeshana, kwa kuwa shangazi alikuwa akiwatazama, ila maji ya kunywa yalimfikia Fokasi upesi sana. Alasiri ikaingia. Kila pikipiki iliyonguruma barabarani ilimpasua moyo.

Kumbe wazee wake, walipoona mchele na khanga vimekwenda, walimfuata, nao walikuwa njiani, wakisukuma baiskeli zao na kubishana. Tairi la Oswini lilikuwa limepasuka, na matairi ya Remijiusi hayakuwa na upepo hata kidogo, kwa jinsi yalivyotolewa ushahidi. Pampu zote mbili walikuwa nazo, lakini kujaza hawakuweza, kwa sababu hawakukubaliana yajazwe kwa geji ipi. Walipokaribia Kiberege, watu wa Mlimba wakawakuta, pikipiki mbili, wazee wanne wamevaa suti. Remijiusi akawasimamisha kwa heshima zote.

"Ndugu zangu, tusaidieni kumaliza ubishi. Tuazimeni tairi moja tu, tulipime."

Watu wa Mlimba walikuwa waungwana, wakakubali. Moja likawa mawili, mawili yakawa manne.

Basi Fokasi alipoinua macho, aliona msafara wote ukija kwa miguu. Mbele ni Oswini na Remijiusi, kila mmoja na pampu yake begani, wakiwa hawajamaliza. Nyuma yao wazee wa Mlimba, suti zimelowa, wakizisukuma pikipiki zao mchangani. Wale wawili waliingia uani bila kuangalia walikoingia, wakaketi mkekani kwa uchovu.

Mzee Ngwila akawatazama. "Nani ametangulia?" akamwuliza dada yake, ingawa alikuwa ameona.

"Wapima upepo," akasema shangazi.

Binti akaitwa, akaulizwa kama anawajua wageni hawa. Gaudensia akainama, akasema, "Namjua aliyekaa karibu na jiko. Hao wengine nimewasikia tu."

Uani pakaangua kicheko, na safari hii Mzee Ngwila alicheka pia. Posa ikapokelewa. Watu wa Mlimba walikula wakashiba, wakamsamehe kila mtu isipokuwa Remijiusi. Ni shangazi aliyeleta maji ya kuwaosha wazee miguu, kwa jinsi ilivyovimba, na alipoinama juu ya beseni aliwasikia wameanza tena, taratibu, kuhusu thelathini na tisa na hamsini na moja. Akawamwagia maji, akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani:

"Wagombea geji huenda kwa miguu."