Ngamia Asomea Mashine

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakiajiriana, Ngamia alizungusha kinu cha simsim cha tajiri Simba. Alifungwa kitambaa machoni asishikwe na kizunguzungu, akazunguka, kri, kri, kri, mafuta yakachuruzika. Jioni alipeleka posho nyumbani.

Siku moja Simba akaleta mashine. Dududududu! Kinu kikatupwa jalalani, Ngamia akaambiwa aende zake. Maskini, alilia mbele ya wanawe.

Hapo akaja Nguchiro, mdogo wa mwili, mkubwa wa maneno.

"Hodi, mzee wangu! Pole kwa yaliyokufika. Nimefungua chuo. Chagua: ushonaji, ususi, au uendeshaji wa mashine."

Ngamia akaitazama miguu yake. "Sindano nitaishika na nini, mwanangu?"

"Basi mashine! Ukihitimu, Simba mwenyewe atakuja kukubembeleza."

Mkewe akadakia, "Na ukiwa masomoni, watoto watakula nini?"

"Tuvumilie, mama watoto. Mvumilivu hula mbivu."

Asubuhi Nguchiro akamfunga kitambaa machoni. "Fundi huisikia mashine kwanza, kuiona baadaye."

Mwingine angeshtuka. Ngamia wetu hakushtuka, kwani maisha yake yote kazi ilianza kwa kufungwa macho. Akaingiza shingo kwenye nira. Kri, kri, kri.

"Mwalimu, mbona nasikia harufu ya simsim?"

"Ajabu gani? Mashine haipakwi mafuta?"

"Ahaa! Kweli."

Akazunguka masika yote, akilala hukohuko na kitambaa machoni. Nyumbani watoto walikonda, na kitinda mimba akawa hawezi kusimama. Mama yao akachoka kungoja. Akaenda chuoni, akamvuta mumewe kitambaa, pwa!

Ngamia akapepesa macho. Mbele yake palikuwa na kinu chake kilekile, na mti wake wa kuzungushia umelika pale alipoegemeza bega miaka yote. Nguchiro alikuwa juu ya mitungi ya mafuta, anaiziba kwa vifuniko.

"Nguchiro! Hiki si kinu changu?"

"Ndicho. Nilikiokota."

"Na ujira wangu?"

"Lo! Mwanafunzi gani analipwa?" Akaruka, churrr, akatokomea shimoni na mitungi yake.

Wakarudi nyumbani mikono mitupu. Njia ilikuwa imenyooka, lakini Ngamia kila mara alipinda upande, anataka kuzunguka. Mkewe akamsukuma shingo kumnyoosha, huku machozi yakimtoka.

Basi shikeni hili, wanangu: mwalimu anayekufunga macho hakufundishi, anakutumia.