Mrija wa Nyati

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, enzi wanyama wanalima, wanapika na kununiana ndani ya nyumba kama sisi tu, paliondokea Nyati mmoja, dume la nguvu. Shingo, ehe! Mabega, ehe! Jembe lake ukilisimamisha mlangoni, huoni ndani. Ila jembe hilo lilikuwa limeota kutu, na buibui amejenga kwenye mpini.

Kwa nini? Pombe.

Kila siku jua likianza kuinama, Nyati anapeleka mkono juu ya mlango, anatungua mrija wake, huyoo, kwa Mama Kiboko. Mama Kiboko alikuwa mpika pombe ya mtama, hodari hasa. Wazee wanazunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu, wananyonya na kupiga soga, naye anaongeza maji ya moto.

Na chungu kile kilikuwa na adabu zake, sikilizeni. Mrija haushikwi kwa mkono wa kushoto. Haupulizwi. Na ukishautia chunguni, huutoi mpaka unakwenda kwako. Ukiutoa na kuuchungulia, ni kama umemwambia mwenye pombe, "Umeniwekea sumu." Aibu tupu!

Sasa siku moja mchana, Kindi alipita kwa Nyati. Kindi mnamjua, yule mdogo, mkia kama ufagio, meno kama patasi. Yeye na Nyati walikuwa watani tangu mababu zao, na mtani hata akikufanyia la kufanya, huna ruhusa ya kununa.

"Hodi hapa! Mwamba wetu yuko wapi?"

"Yuko ndani. Husikii?" alijibu Mama Ndama, mke wa Nyati, huku akipeta.

Kwooro! Kwooro! Ukuta unatikisika, vumbi linadondoka.

"Lakini mbona nilisikia anapunguza?"

"Anapunguza, ndiyo. Aliniapia mbele ya wajomba. Mrija mmoja tu kwa siku."

"Mrija mmoja?"

"Mmoja. Na huo huo mmoja unamaliza chungu."

Kindi alicheka mpaka akaushika mkia wake asianguke. Halafu akaona mwenzake hacheki. Akatazama ungoni: mtama wa konzi mbili, basi.

"Kindi mwenzangu," Mama Ndama akasema taratibu, "yale mawingu unayaona. Mvua ikinikuta shamba halijalimwa, namchukua mwanangu narudi kwa baba yangu. Sisemi kwa hasira. Mzigo nimeshafunga."

Kweli, mzigo ulikuwa pale kando ya kinu. Ndama mdogo ameukalia, ananyonya kidole.

Kindi akakaa chini, akafikiri. Kumgombeza? Wajomba walishamgombeza wakakauka koo. Kumvunjia mrija? Mnywaji ukimnyang'anya ghafla anatetemeka kama jani, halafu siku ya tatu anakunywa na ya jana na ya juzi. Huyu wa kupunguziwa, kama unavyochomoa kuni wali ukikaribia kuiva. Ukuni mmoja mmoja.

Akapanda ukuta, chakacha-chakacha, mpaka juu ya mlango. Mrija ule Nyati aliurithi kwa baba yake. Ulikuwa na ufa katikati, umefungwa kwa kamba ya mgomba. Kindi akailegeza kamba, akatia jino, kr! Tundu kama punje ya wimbi. Akalifunika kwa kamba palepale.

Mama Ndama mkono mdomoni. "Kindi! Atakuua!"

"Wewe peta mtama wako."

Alasiri ile Kindi alikuwa juu ya paa la Mama Kiboko, anajifanya anatafuna karanga. Wazee wakakaa, Nyati, Kifaru na Mzee Kiboko. Wenzake wakavuta: gugugu! gugugu! Nyati akavuta: fyooo... gu! Fyooo... gu!

"We Nyati," Kifaru akauliza, "mrija wako leo unapiga filimbi?"

"Mrija umezeeka. Na wewe subiri, zamu yako ya kupiga filimbi inakuja."

"Si uutoe uutazame," akasema Mzee Kiboko.

"Hee! Nimtukane mkeo kwenye chungu chake? Mimi nimelelewa!"

Basi akavuta, akavuta, mashavu yakabonyea. Fyooo... gu! Mpaka jua linagusa kilima, taya zimechoka.

"Leo nimekunywa, jamani!" akasema, anajipapasa mashavu. "Mpaka taya zinauma!"

Kindi juu ya paa akameza karanga nzima.

Nyati akashika njia ya kwake akiyumba, maana alizoea kuyumba. Hatua tatu, nne. Alipoona ardhi yenyewe haiyumbi, akaona haya kuyumba peke yake, akaacha.

Kila siku ya tatu Kindi alirudi juu ya mlango. Kr! Tundu likawa kama punje ya mtama. Kr! Likawa kama punje ya hindi. Na Nyati kila siku ananyonya, taya zinamuuma, anaridhika kwamba amekunywa sawasawa.

Lakini asubuhi, wajukuu zangu! Jogoo hajamaliza kuwika, Nyati macho yamefumbuka, kichwa chepesi. Siku ya kwanza alikaa tu kitandani, hajui afanye nini na asubuhi nzima namna ile. Siku ya pili alimfukuza buibui kwenye mpini. Siku ya tatu akaliingia shamba.

Chwa! Chwa! Chwa! Udongo unaruka. Ndama nyuma yake anaokota magugu, "Baba, lile pale! Baba, umeruka lile!" Kindi akasimama kwenye kisiki, amesahau kilichomleta. Akasema moyoni: "Loo! Kumbe yule Nyati wa hadithi za bibi yangu alikuwapo kweli."

Siku zikaenda, shamba likafika mtoni. Na Nyati naye maneno yakamzidi. Alasiri moja akajipiga kifua mbele ya chungu.

"Wanaosema pombe inaua kazi ni waongo! Nitazameni mimi! Nanyonya kama zamani, na shamba nimelifikisha mtoni!"

Mama Kiboko akageuka na mwiko wake. "Unanyonya kama zamani? Basi mbona chungu changu kinabaki nusu? Siku ngapi sasa nawamwagia kuku! Kuku wangu wamelewa mpaka wanaegemea ukuta kwa bega!"

Kifaru akamtazama Nyati. Akautazama mrija.

"Mama, unaruhusu tuutoe?"

"Utoeni! Nitoke kwenye lawama."

Kifaru akauchomoa, akapuliza. Pyuuu! Kamba ya mgomba ikapepea kama kitambaa. Wakaifungua. Tundu! Kama punje ya hindi, na alama za meno mawili, nadhifu, kama za patasi.

Macho yote yakapanda juu ya paa.

"Mmmuuu! Kindi!" Nyati akanguruma, chungu kikacheza. "Shuka! Leo nitakukanyaga uwe mkeka!"

Kindi angekimbia. Mti ulikuwa karibu. Lakini akashuka, akasimama katikati ya zile pua nne za wakubwa.

"Kanyaga, mtani. Ila nijibu kwanza. Shamba lile kalilima nani?"

"Mimi!"

"Ulikuwa umekunywa nini?"

Nyati akalitazama lile tundu. "...Upepo."

Kifaru akacheka mpaka akakaa chini, pu! Mama Kiboko akajifuta machozi kwa kanga.

"Mimi nilitoboa tu," Kindi akasema. "Mpini sikuushika hata siku moja. Nguvu zile ni zako, mtani. Zilikuwa zimelala kwenye chungu. Nenda kamwulize Mama Ndama kwa nini jana amefungua mzigo."

"Mzigo gani?"

Kindi akaona kweli mwenzake hajui. Akasema polepole, "Wa kurudi kwa baba yake. Yeye na mtoto. Ulikuwa kando ya kinu, ulikuwa unauruka ukitoka kuja huku."

Hapo hakuna aliyecheka. Nyati akakaa, yale mabega yote yameshuka.

Mzee Kiboko akamwonea huruma, huruma ya wanywaji. Akampa mrija mwingine. "Shika huu mzima, ndugu yangu. Usitiwe simanzi na wadogo."

Nyati akaupokea, mkono wa kulia. Akautia chunguni. Gugugu! Ile yenyewe, tamu, ya moto, ikashuka kama zamani. Kindi akafumba macho. Gugugu! Kindi akaanza kujilaumu, meno yake yote bure. Gugugu!

Kisha kimya.

Kindi akafumbua jicho moja. Nyati alikuwa ameutoa mrija, ameulaza mapajani.

"Mama Kiboko, pombe yako nzuri. Kwaherini."

"Kwaherini nini?" Mzee Kiboko akashangaa. "Chungu bado kimejaa!"

"Kinywe. Mawingu yameshuka, na mimi kesho napanda. Keshokutwa nitakuja, nitavuta mara tatu, nitawacheka, nitaondoka."

"Na ya nne nani atakuzuia? Huyu wa meno?"

"Mimi simo!" Kindi akaruka. "Mrija huo mzima, mmeuona wote. Hapo kajizuia mwenyewe, na mimi, mtani wake, namvulia kofia!" Na kofia hana, akakunja mkia mbele yake, akainama.

Nyati akakitazama kile kitu kidogo kilichoinama. Akacheka, "Ho! ho! ho!" Akamnyanyua kwa vidole viwili, akamweka begani. "Kesho unakuja kupanda, mwizi wewe. Utaniokotea magugu na mwenzako Ndama."

Ndo! Tone la kwanza likaanguka. Ndo! Ndo! Nyati akatoka mbio, ardhi inatikisika, Kindi ameng'ang'ania sikio, wanawahi mbegu zilizoanikwa nyumbani kabla hazijalowa. Walizipanda, zikaota, wakala. Mimi nilichokisikia ni hicho.

Nguvu ya dume si kumaliza chungu. Ni kukiacha kikiwa bado kimejaa.