Msonyo wa Kanga

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mmeshinda njaa? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Hapo zamani, zamani za kale, ndege na wanyama walipokuwa bado wakiamkiana asubuhi, alikuwako Kanga, mama wa vifaranga saba. Kanga huyo hakuwa na utulivu. Akila anageuka, akikaa anashtuka. Kisa, Mwewe. "Wanangu nitawaficha wapi mimi?" Ndilo swali lake kutwa kucha.

Basi ungedhani mwenye hofu husikiliza. Wapi! Kanga alikuwa na ugonjwa wa kusonya.

Siku ya kwanza akaja Kobe, taratiibu, taratiibu. "Mwanangu, Mwewe amehamia kwenye ule mti mkavu. Waondoe watoto hapa."

Kanga akamtazama juu mpaka chini. "Nsyoo!"

Kobe akaenda zake.

Siku ya pili akaja Chura. "Dada, nimeona kivuli kikipita juu ya bwawa. Mara mbili!"

"Nsyoo!"

Chura akaenda zake.

Siku ya tatu Fuko akachomoza kichwa, udongo umemjaa puani. "Jirani, nimechimba shimo pana hapa. Wazoeze watoto kuingia."

Moyo wa Kanga ulilitamani shimo lile. Ulilitamani kweli! Lakini yeye, na madoa yake yote, akaombe hifadhi kwa Fuko asiyeona, mla minyoo? "Nsyoo!"

Kidoti, kifungua mimba wake, akauliza, "Mama, hiyo sauti ni ya nini?"

"Huo ni msonyo, mwanangu. Hupewa mtu ambaye maneno yake hayafai kujibiwa."

Watoto wakaupenda. Wakausonya upepo, wakalisonya jua, wakawasonya siafu. Kanga akacheka mpaka akakaa chini. Cheka, mama, cheka!

Siku ya nne kivuli kikaanguka majanini. Kanga akapiga kelele, "Laleni chini! Laleni, wanangu!"

Kidoti alikuwa amenogewa na kumbikumbi. Akamtazama mama yake juu mpaka chini. "Nsyoo!"

Na wadogo zake sita wakaitikia, "Nsyoo!"

Mwewe hakusonya. Alishuka, akamnyakua Kidoti, akapaa naye.

Fuko akaita kutoka shimoni, "Huku! Upesi!"

Wale sita wakasita, wakamwangalia mama yao. "Mama, huyu si yule wa msonyo?"

Maneno yale yalimchoma Kanga kuliko kucha za Mwewe. "Ingieni!" akalia. "Ingieni, na mkifika mwambieni shikamoo, mjomba!"

Wakaingia. Mwewe aliporudi alikuta majani matupu.

Kanga akabaki mlangoni, hathubutu kuingia. "Jirani," akasema, "nisamehe." Fuko hakumsonya. Alisogea tu, akampisha.

Tangu siku hiyo Kanga hatulii. Hutembea akiita, huku na huko, anamwita Kidoti. Na hasonyi tena, hata akutane na mende.

Mafunzo ni haya: mdharau mwiba mguu huota tende. Na ukimsonya jirani mbele ya mwanao, jua unamfundisha kukusonya wewe.

Hadithi imefika kwake, nami nimefika kwangu. Ikiwa tamu, wapelekeeni wa nyumbani. Ikiwa chungu, imezeni hivyo hivyo. Lakini wewe uliyekaa kule nyuma, msonyo wako nimeusikia.