Mama Aliyejiweza kwa Siku Moja

Kaeni, wapendwa. Yule aliyelala tangu tangazo la kwanza msimwamshe. Mfano wa leo una mahali pa kucheka, ataamka mwenyewe na ataanza kuuliza mwenzake amekosa nini.

Palikuwa na mama mmoja mjane, kazi yake kufua mashuka ya nyumba ya wageni. Mashuka arobaini kwa siku. Mumewe alipofariki alimwachia vitu viwili: nyumba ya vyumba vitatu, na shemeji. Nyumba ilikuwa nzuri.

Matanga yalipoanuliwa tu, shemeji akaja, akakaa, akala, akanawa mikono, akasema: "Shemeji, pole sana na msiba. Sasa, hii nyumba ni yangu. Marehemu kaka alikuwa anakaa tu. Matofali nilinunua mimi, bati nilinunua mimi. Tafuta pa kwenda."

Mama akasema, "Nina watoto wanne, niende wapi?"

"Hilo silijui. Mimi najua bati langu."

Hakuishia hapo. Akaenda Baraza la Ardhi, akafungua shauri, na tarehe ikapangwa: Alhamisi ya tatu kutoka siku ile. Mama akaona si utani. Akaenda kwa wakili mjini kuuliza bei. Wakili alikuwa mtu mwema, alimpa kiti na maji ya kunywa, kisha akamtajia kiasi ambacho angekipata kwa kufua mashuka mpaka Bwana arudi, na bado angedaiwa kidogo.

Akiwa njiani kurudi, mtu akamwambia: "Mama, ipo ofisi ya msaada wa kisheria. Mawakili wao hawalipwi na mteja. Wanamsimamia mtu asiye na uwezo. Unapeleka barua ya mjumbe wa mtaa wako, unajibu maswali yao, basi."

Asiye na uwezo! Hebu niwaulize: kuna mtu aliyestahili kuliko huyu? Vidole vimechanika kwa sabuni. Kandambili zimeshonwa kwa waya. Ofisi ingemtazama mara moja tu, ingempa wakili, ingempa na chai.

Lakini mtaa ukasikia.

Mnaujua mtaa. Mtu wetu hawezi kwenda ofisini hivi hivi. Akienda kachakaa, tumechakaa wote. Asubuhi saa kumi na mbili majirani wameshajaa mlangoni. Wa kulia kaleta kitenge cha harusi, hakijafuliwa hata mara moja. Wa kushoto kaleta heleni. Mama mmoja wa kwaya, simtaji, na asitazame chini maana watu watamjua, kaleta viatu vya kisigino, namba thelathini na saba. Mjane anavaa arobaini. Wakavisukumiza mpaka vikaingia. Mwingine kaleta mkoba, na kwa kuwa mjane hakuwa na kitu cha kuweka ndani, wakaujaza magazeti ili usinyong'onyee.

Wakamzunguka, wakamtazama. "Sasa umekuwa mtu," wakasema.

Ikabaki barua. Mjumbe wa mtaa ule alikuwa na barua moja tu maishani mwake. Aliitunga zamani kwa ajili ya vijana wanaokamatwa, wanaotaka dhamana, na tangu hapo hubadilisha jina. Mama akamweleza anakwenda kuomba msaada. Mjumbe akasema, "Naelewa kabisa," akachukua kalamu, akaandika barua ile ile, akagonga mhuri mpaka meza ikaruka.

Mama akaondoka. Anatembea kama mtu anayekanyaga mayai, maana vile viatu havikuwa na huruma.

Ofisini akampata dada mmoja nyuma ya meza, mpole, fomu mbele yake.

"Karibu mama. Unafanya kazi gani?"

Sasa jirani mmoja alikuwa amemfundisha. Alimwambia usiseme unafua, useme kwa heshima. Mama akajinyoosha, akasema, "Niko upande wa mahoteli."

Dada akaandika. "Kwa siku mnakula mara ngapi?"

Mara moja, wapendwa, na chai. Lakini hivi kweli utavaa kitenge cha harusi useme mara moja? "Mara tatu," akasema. "Na matunda."

"Una nyumba?"

Hapo mama akawaka. Swali hilo ndilo lililomleta! Akisema hana, si amempa shemeji ushindi? Akapiga meza: "Ninayo! Vyumba vitatu, bati zima, na umeme! Atakayesema sina aje hapa!"

"Hakuna aliyesema, mama." Dada akafungua barua ya mjumbe, akasoma kwa sauti: "Mtajwa hapo juu namfahamu vizuri. Ni mtu anayejiweza, ana makazi ya kudumu na mali isiyohamishika, na anaweza kuaminiwa kwa kiwango chochote cha dhamana."

Akaikunja barua, akaiweka juu ya fomu.

"Mama," akasema dada, "nakupongeza. Sisi tunawasimamia wasio na uwezo. Wewe Mungu amekujalia. Kuna mawakili wanaokubali kulipwa kidogo kidogo, nikuandikie majina?"

Angeweza kusema, si ndiyo? Mdomo alikuwa nao. Angesema: dada, kitenge cha jirani, heleni za jirani, mkoba huu fungua uone magazeti. Sentensi moja tu. Lakini mtu aliyevalishwa na mtaa mzima anauvuaje mtaa mzima mbele ya meza? Akasema, "Niandikie." Akakunja karatasi, akaiweka katikati ya magazeti.

Kwenye benchi la nje nani amekaa? Shemeji. Yule shemeji mwenye mashamba mawili ya mpunga na trekta. Amevaa shati lenye matundu ambayo hata nzi angepita bila kuinama. Shati lile alilivua asubuhi kwenye sanamu ya kufukuzia ndege shambani kwake. Sanamu imebaki uchi, ndege wanakula mpunga, yeye yuko mjini anaomba msaada.

Shemeji akamtazama juu mpaka chini. "Shemeji, harusi ya nani?"

Mama akamtazama naye. "Na wewe, nani kakufukua?"

Wakapishana. Shemeji akaingia, akakohoa, akasema amekula jana asubuhi. Barua alikuwa nayo, ya mjumbe wa kwake, na sitaki kujua ilipatikanaje. Saa tano kasoro alikuwa na wakili. Bure.

Kesho yake mama akarudi na nguo zake mwenyewe na kandambili zake za waya. Alikuwa amelia usiku, asubuhi akachoka kulia, akaja. Dada akamtazama, akavua miwani.

"Mama, jana ulikuwa wapi?"

"Jana niliazimwa."

Akaeleza yote. Dada akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema polepole: "Unastahili. Hata fomu sihitaji. Lakini huyo shemeji yako sasa ni mteja wetu, na ofisi moja haiwezi kusimama pande mbili za shauri moja. Ungesema haya jana, yeye ndiye angerudishwa."

Mnasikia? Jana. Mlango ulikuwa wazi jana, kwa saa moja hivi, na aliyeufunga ni mkoba wa magazeti.

Lakini dada hakumwacha hivyo. Akamwelekeza kwenye ofisi ya kata, kila Jumanne, kwa wasaidizi wa kisheria. Hao si mawakili. Ni watu wa kawaida waliosomeshwa sheria za msingi, na hawatozi kitu. Mama akaenda, akamkuta mwanamke mnene anayeuza dawa za kuku siku nyingine zote.

"Mimi siruhusiwi kusimama barazani badala yako," yule mwanamke akamwambia. "Ila naweza kukufundisha kusimama. Una karatasi gani?"

Mama akatoa alichopokea kutoka barazani wiki ile. Wakili wa shemeji alikuwa ameomba mteja wake asamehewe ada za baraza kwa sababu ya umaskini, na shemeji mwenyewe alikuwa ameapa kwa maandishi. Nakala hupelekwa kwa upande wa pili, ndivyo sheria inavyotaka.

Muuza dawa za kuku akasoma. Akasoma tena. Akaanza kucheka mpaka kiti kikalia.

"Soma hapa. Namba nne. Soma kwa sauti."

Mama akasoma, kidole kikifuata maneno.

"Basi," akasema yule mwanamke. "Alhamisi usilie. Akina mama mkifika pale mnalia, mwenyekiti anawapa kitambaa, shauri linakwenda. Wewe uliza swali. Moja tu, kisha kaa."

Alhamisi ikafika. Upande huu mama peke yake na kandambili. Upande ule shemeji na shati la sanamu, na wakili amevaa tai. Shemeji akaeleza vizuri sana. Jinsi alivyouza mpunga. Jinsi alivyonunua matofali elfu mbili na bati thelathini na sita. Jinsi marehemu kaka yake alivyomshukuru kwa machozi.

Mwenyekiti akamgeukia mama. "Una swali kwa shahidi?"

Mama akasimama. Miguu, tofauti na siku ya vile viatu vya kuazima, haikumuuma.

"Shemeji, karatasi hii ya kiapo, sahihi ni yako?"

"Ni yangu."

"Hapa namba nne umeapa, nasoma: tangu kuzaliwa kwangu sijawahi kumiliki shamba wala kupata fedha za kununua hata bati moja." Akakunja karatasi. "Sasa hayo thelathini na sita ulinunua lini?"

Akakaa.

Shemeji akamtazama wakili wake. Wakili akalitazama feni. Feni likaendelea kuzunguka, halikuwa na la kusema.

Mwenyekiti akasema: "Mzee, chagua. Kama bati ulinunua, umeapa uongo mbele ya baraza hili. Kama kiapo ni cha kweli, nyumba si yako. Nakupa dakika tano."

Shemeji hakuzimaliza. Aliondoa shauri, akatoka, na mama akarudi nyumbani kwake kufua mashuka, maana siku hiyo alikuwa nyuma kwa arobaini.

Naona mnapiga makofi. Acheni kwanza.

Mnampigia nani? Mama? Mama alikuwa amekwisha! Alidanganya mbele ya mtu pekee aliyewekwa pale kumsaidia. Alipona kwa sababu moja tu, kwamba shemeji alipoazima umaskini aliazima mwingi kuliko alivyohitaji. Angeandika kidogo, mjane na watoto wanne wangekuwa barabarani, na sisi tungesema ni mapenzi ya Mungu. Tusimsingizie Mungu kazi ya kitenge chetu.

Maana waliomvalisha ni nani? Watu wabaya? Ni sisi, wapendwa, na tulimpenda. Tulimpa kila kitu isipokuwa ruhusa ya kuonekana alivyo. Tulimwambia "sasa umekuwa mtu" siku aliyovaa vya watu. Na jana yake, kwa sabuni na kandambili, alikuwa nini machoni petu?

Na tukija hapa mbele za Mungu si tunafanya vivyo hivyo? Huyu anaingia na heleni za kuazima: Bwana, mimi sijambo, nyumbani ni amani, mara tatu kwa siku na matunda. Yule anaingia na shati la sanamu, analia kwa sauti, na trekta ameliegesha nyuma ya kanisa. Mungu anafungua barua zetu, zote zina mhuri, anauliza: sasa nimsaidie nani hapa? Aliyekuja na vazi hili simjui, na ninayemjua hajaja.

Nina jambo la mwisho, kisha kwaya iimbe. Pale mlangoni pana daftari la wenye shida. Mnalijua, mnalipita kila Jumapili. Nimelifungua jana. Tangu Pasaka lina jina moja, nalo ni la mtu aliyejaribu kalamu. Kanisa zima watu wanajiweza! Hakuna aliyefukuzwa kwenye nyumba, hakuna anayedhulumiwa shamba, hakuna aliyeitwa barazani akakosa wa kumwelekeza. Hongereni sana.

Jumamosi, saa tatu asubuhi, wasaidizi wa kisheria watakaa kwenye ukumbi wetu, bure. Atakuwepo na mwandishi wa barua, na nimemwomba aandike yaliyopo. Jirani akikugongea saa kumi na mbili na kitenge, mshukuru, mpe chai, mrudishie.

Njooni na viatu vyenu.