Marehemu Aliyekuwa Akichambua Maharage

Sogeeni karibu. Leo sina sungura wala fisi. Nina watu watatu wa Songea waliopatwa na aibu moja, na nyinyi ndio mahakimu.

Walikuwa wakitengeneza tovuti ya kutangaza misiba. Wafiwa wanaandika jina la marehemu na namba za ndugu, na tovuti inawatumia wote ujumbe wa simu. Editha alijaliwa kuifundisha kompyuta kazi ya mtu: aliandika programu iliyoifungua tovuti yenyewe, ikajaza, ikabonyeza, kisha ikasema wapi pameharibika. Gaudensi alijaliwa kubuni watu wasiokuwepo. Marehemu wake wa majaribio walikuwa na ukoo, kijiji na watoto, hadi unawaonea huruma. Lotari alikuwa fundi wa mitambo, ndiye aliyetenganisha tovuti ya majaribio na ile ya kweli ili zisigusane.

Sasa sikilizeni walivyoshirikiana.

Programu ya Editha ilikuwa na kawaida ya kuuliza kwanza: hapa ni kwenye majaribio au ni kwa watu? Swali lile lilimchelewesha, akalifuta.

Gaudensi naye aliishiwa marehemu. Akaandika jina la kwanza lililomjia, Otilia Komba, pamoja na namba za ndugu zake alizozijua. Huyo Otilia ni mama yake Imelda, na Imelda ndiye mchumba wa Gaudensi. Posa ilikuwa imeshapokelewa. Mtu gani anamfisha mama mkwe ili ajaribu tovuti? Lakini ndivyo alivyofanya, wala hakufikiria mara mbili.

Lotari alikuwa akihamishia kazi kwenye mtambo mpya. Kwa muda tu, akaielekeza anwani ya majaribio kwenye tovuti ya kweli, akaenda kula bila kumwambia mtu.

Editha akabonyeza. Programu ikajaza, ikatuma, ikaleta rangi ya kijani: kila kitu kimefaulu. Na kweli kilikuwa kimefaulu.

Mama Otilia alikuwa uani akichambua maharage aliposikia kilio kinakuja kwake. Akajifunga khanga, akatoka kuuliza nani amefariki. Dada yake, aliyefika kutoka Mbinga akilia njia nzima, alipomwona alianguka pale pale getini. Vijana wakabaki wameshika turubai, hawajui walitandaze au walikunje. Jirani mmoja akacheka, na kicheko hicho kilimuuma Mama kuliko vilio vyote.

Habari zilipowafikia wale watatu, walitamani ardhi ipasuke iwameze. Walikwenda nyumbani kwa Mama Otilia, wakasimama nje wakitazama viatu vyao. Imelda akatoka. Hakumtazama Gaudensi.

"Mama anasema hapokei kundi," alisema. "Aingie mmoja, mwenye kosa, aombe radhi mbele ya ukoo. Wengine mrudi makwenu."

Wote walijua maana yake. Gaudensi akiingia na kukiri kwamba yeye ndiye aliyemwandika mama mkwe miongoni mwa wafu, ukoo utairudisha posa, na hakuna atakayeulaumu.

Editha akasema ataingia yeye, maana programu ni yake, na angeiacha iulize isingetuma kitu. Lotari akamzuia, akasema mpaka kati ya majaribio na watu alikabidhiwa yeye, na yeye ndiye aliyeuacha wazi.

"Jina niliandika mimi," Gaudensi alisema polepole. Lakini miguu yake haikusogea.

Mnaona wenyewe. Mmoja tu kati yao angefanya kazi yake sawasawa, Mama asingeliliwa akiwa hai. Wawili wamejitolea kuingia. Wa tatu amesema ukweli, ila hajapiga hatua. Ndani ukoo umeketi, unasubiri, na mkono wa Imelda uko kwenye komeo.

Je, wewe ungekuwa Imelda, ungemfungulia nani?