Mashine Isiyomtaka Mwanamkasi

Bwana Shekue, mwenye duka kubwa kuliko yote pale Muheza, alileta mashine ya kulipia kwa kidole, naye akawa wa kwanza kujisajili. Akaondoa namba ya siri, eti inachelewesha foleni. Mteja aligusa mara moja tu, hela zikatoka benki.

Siku ya kwanza Mwanamkasi, mkaanga maandazi, alinunua mfuko mmoja wa unga. Mashine ikamkata hela mara mbili.

"Nirudishie, baba," akasema.

"Mashine haikosei. Kidole chako kimekubali chenyewe!" Shekue akamcheka.

Wiki iliyofuata Mwanamkasi alirudi, akaweka mfuko kama ule juu ya kaunta, akagusa pembeni kabisa mwa kioo cha mashine. Kimya.

"Hainitaki, baba. Imeharibika."

"Haiharibiki hii! Gusa katikati!"

Akagusa kwa ukucha. Kimya tena. Foleni ikaanza kuguna.

"Basi imekufa," Mwanamkasi akatangaza kwa sauti. "Jamani, twendeni duka la jirani!"

Watu wawili wakageuka kuondoka. Shekue akaruka kutoka kitini.

"Imekufa? Nani kasema?" Akafuta kidole gumba kwenye kanzu, akakikandamiza kiooni kwa nguvu zote. "Tazameni!"

Mashine ikalia tii! Sauti nyororo ikasikika duka zima: "Malipo yamekamilika. Ahsante, Bwana Shekue."

Mwanamkasi alikuwa ameshajitwisha mfuko, yuko mlangoni, na foleni nzima inampigia vigelegele.

Kesho yake mashine ilidai namba ya siri.