Mikeka ya Bi Mwasiti

Zamani, watu walipokuwa bado wanafanana hata ndani ya miili yao, kila mtoto alizaliwa akiwa na mkeka mdogo uliozunguka pumzi yake kama ganda linavyozunguka yai. Mkeka huo ulisukwa na bibi yake wakati wa ujauzito, kwa miyaa, yale majani membamba ya ukindu, laini kuliko ukungu.

Katika kijiji cha Bi Mwasiti, mikeka yote iliigwa kutoka mkeka mmoja wa kale. Msukaji aliyekosea safu moja alifumua yote akaanza upya, wala hakunung'unika, maana waliamini kwamba kufanana ndiko kupendana.

Naye Homa alikuwa akizunguka duniani. Hakuwa na nyumba wala jiko. Asipoingia ndani ya mtu, hakuweza kupika wala kuzaa. Alipita akipapasa mikeka ya watu kwa vidole vyembamba, akitafuta mwanya. Siku alipoupata wa mtu mmoja kijijini pale, aliupata wa wote. Walilala wote kwa pamoja, kama mpunga uliopigwa na mvua, asibaki hata mmoja wa kukoka moto au kuchota maji. Kidawa, binti wa Bi Mwasiti, alimsikia mwanawe wa kwanza akiomba maji, sauti ikizidi kufifia, lakini hakuweza kuinuka. Mtoto akafa.

Kidawa aliposhika mimba tena, alimwendea mama yake, akaketi miguuni pake.

"Mama, na huyu utamsukia mkeka ule ule?"

Bi Mwasiti aliinuka, akajifunga kanga. Alivuka mto hadi kwa wakwe wa Kidawa, waliosuka kwa namna yao, akaomba miyaa. Aliporudi aliichanganya, ya huku na ya ng'ambo, mikono ikienda yenyewe kama ya mtu asukaye usingizini. Na kwa kuwa tumbo la Kidawa lilikuwa kubwa, alisuka mikeka miwili, wala haikufanana.

Wifi wa Bi Mwasiti, aitwaye Bi Msimu, akachungulia. "Wifi, macho yamekwisha? Hizo safu zimelewa."

"Ziache zilewe."

"Mtoto atatoka kama kikapu."

"Basi nitakwenda naye sokoni."

Bi Msimu alicheka, kisha akaondoka bila kugusa hata mwaa mmoja.

Walizaliwa mapacha, Shani na dada yake Saumu. Walikuwa wameshafikia umri wa kutumwa kisimani Homa aliporudi, na kijiji kikalala, Kidawa na Bi Mwasiti wakiwemo. Kwa Saumu, Homa aliona kijipenyo, akajibana akaingia, na mtoto akaungua mwili mzima. Kwa Shani alipapasa, akapapasa tena, kisha akaenda zake.

Shani alisimama uani. Hapakuwa na moshi wala sauti ya kinu. Akachukua kata, akampa maji dada yake, akampa mama yake, akampa bibi yake, akaendelea nyumba hadi nyumba mpaka kwa Bi Msimu. Yule mama alikunywa taratibu, akamtazama.

"Kumbe kikapu kinachota maji," akasema, akafumba macho.

Mara ile hakufa mtoto. Lakini Kidawa alipopata nguvu, alimuuliza mama yake kwa uchungu, "Mbona Saumu ulimpa mkeka mbovu?"

"Si mbovu, mwanangu. Na sikuchagua. Huyu Homa ameujua mwanya wa Saumu. Mwingine wa ukoo wa Homa ataupita asiuone."

Ikawa hivyo. Mdogo wake Homa, aitwaye Kikohozi, alipofika, Shani ndiye aliyelala akihema, na Saumu akampikia uji. Wanawake wa pande zote mbili za mto walipoona hayo, wakaacha kuuiga mkeka wa kale, wakaanza kuchanganya miyaa.

Ndiyo maana hata leo, wanangu, ugonjwa mmoja huingia nyumba moja ukamlaza huyu siku nyingi, na ndugu yake anayekula naye sahani moja ukampitia kama upepo. Aliyelala hakukosa lolote, na anayecheza hakufanya la kusifiwa. Hakuna aliyejichagulia mkeka. Ila toka enzi hizo za Bi Mwasiti, Homa anapopita, mahali fulani kijijini huonekana moshi wa jiko la mtu mmoja aliyebaki na nguvu.